Ideos, Galaxy Y na Nokia E63: nilichojifunza kwa kuzichokonoa simu za zamani

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na wengine wenu mmeanza kuuliza kama nimeacha fani nikaenda kulima. Sijaacha. Kazi ilinibana, kisha likatokea jambo nyumbani lililonifanya nizifufue simu tatu za zamani na kukaa nazo wikendi tatu mfululizo. Leo nawasimulia niliyoyakuta humo. Wapenda namba mtazipata, na wasiopenda namba nao hawatatoka mikono mitupu.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi naandika programu, naishi Nairobi, na kwa muda wa mwaka mzima timu yetu imekuwa ikitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka madogo kuagiza bidhaa: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia. Mama yangu ana duka kule Kisauni, Mombasa. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwekea programu hiyo, kwa fahari yote ya mtoto aliyesomeshwa kwa pesa za duka hilohilo. Kila nilipompigia na kumuuliza, "Mama, ile programu inaendeleaje?" alinijibu, "Nzuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Niliposhuka Mombasa mwezi wa nane nilikuta daftari juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na maagizo ya miezi minne, yote kwa mkono wake. Nikaichukua simu yake, nikaigusa alama ya programu yetu, kioo kikawa cheupe. Nikahesabu moyoni. Nilipofika ishirini na tisa programu ikajifunga yenyewe, bila hata neno la samahani.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ni kazi yako, mwanangu. Ningesemaje kuwa haifanyi kazi?"

Simu yake ni ya Android toleo la Go, lenye RAM ya GB 1. Google waliileta Go mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu za aina hiyo hasa, zenye RAM ya GB 1 au chini ya hapo. Simu yangu mimi ina GB 8, na ndiyo niliyokuwa nikiijaribia programu mwaka mzima. Sasa nadhani mnaona tatizo lilikuwa wapi, na halikuwa kwenye simu ya mama.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikaanza kupekua kabati, nikautoa ule mkebe wa biskuti ambao karibu kila nyumba unao. Ukiufungua hukuti biskuti kamwe, hukuta nyuzi na sindano, au simu zilizokufa. Wetu ulikuwa na simu. Tatu kati yake nilizijua vizuri kuliko ninavyozijua baadhi ya jamaa zangu.

Ya kwanza ilikuwa Nokia E63 ya mjomba, aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa kwenda Malaba. Ni ile yenye vitufe vyote vya herufi kama kompyuta ndogo, na ukibonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi na kukishikilia, tochi inawaka. Mjomba aliisifu tochi ile kuliko kitu kingine chochote ndani ya simu hiyo. Ya pili ni Huawei Ideos, ambayo mjomba huyohuyo alimnunulia mama mwaka 2011, wakati Safaricom ilipoileta sokoni kwa bei ya chini ya shilingi 10,000 na watu wengi nchini wakashika Android kwa mara ya kwanza. Ya tatu ni Samsung Galaxy Y, ambayo rafiki yangu wa mtaani aliniachia alipokwenda Qatar kutafuta kazi.

Tuziweke mezani tuzilinganishe. E63 ni ya mwaka 2008, prosesa yake ni ya 369 MHz, RAM ni MB 128, betri mAh 1500, na mfumo wake ni Symbian. Ideos ilitangazwa 2010, prosesa 528 MHz, RAM MB 256, betri mAh 1200, Android 2.2. Galaxy Y ni ya 2011, prosesa 832 MHz, RAM MB 290, betri mAh 1200, Android 2.3. Ili mpate kipimo cha nje, iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na prosesa ya 412 MHz na RAM ya MB 128. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android iliyouzwa kuanzia Oktoba 2008, ilikuwa na 528 MHz na MB 192. Kwa hiyo Ideos ya mama, simu ya bei ya chini kabisa wakati wake, haikuwa nyuma ya zile zilizoianzisha safari hii. Kwa RAM ilikuwa mbele yazo.

Kwa namba basi, Galaxy Y inashinda, Ideos ya pili, na E63 inaburura mkia. Lakini ukizishika mkononi mambo yanageuka. Nilizichaji, nikachukua saa ya kupimia, nikajiwekea mtihani mmoja: kioo kimezimwa, niichukue simu, nifungue meseji mpya, niandike herufi ya kwanza. E63 ilichukua takriban sekunde mbili. Galaxy Y nne. Ideos sita, na mara moja ilifika kumi. Mkongwe amewashinda vijana.

Ili kuelewa kwa nini, ngoja niwapeleke dukani kwa mama. Prosesa ni muuzaji. RAM ni kaunta, mahali anapoweka vitu anavyovishughulikia sasa hivi. Hifadhi ya ndani ya simu ni stoo ya nyuma. Muuzaji akiwa na mbio lakini kaunta yake ni finyu, atashinda akikimbilia stoo na kurudi, na mteja atamwona mzembe ilhali mtu wa watu anatoka jasho.

Symbian ilizaliwa enzi ambazo kaunta ilikuwa ndogo mno. Watengenezaji wake walihesabu kila kipande cha kumbukumbu, na programu zake ziliandikwa kwa lugha ya C++ inayozungumza na prosesa moja kwa moja. Android ya wakati ule iliziendesha programu ndani ya mashine ya kuwaziwa iitwayo Dalvik. Katika toleo la 2.2 Dalvik iliongezewa uwezo wa kutafsiri msimbo papo hapo wakati programu inakwenda, na hapo kweli kasi ilipanda. Lakini ilibaki na kazi ya kufagia takataka za kumbukumbu, na katika 2.2 ufagio ukipita kila kitu husimama. Ule mkwamo mdogo uliokuwa ukiuona unapoburuza orodha ya majina kwenye Ideos, huo ndio ulikuwa ufagio. Toleo la 2.3 lilileta njia ya kufagia huku kazi ikiendelea, na ni sababu mojawapo ya Galaxy Y kuwa laini zaidi hata kabla hujahesabu zile MHz zake.

Isitoshe, hizo MB 256 za Ideos hazikuwa zote za Android. Modemu, yaani sehemu inayozungumza na mnara, ilijikatia fungu lake humohumo. Na hifadhi ya ndani ilikuwa MB 512 tu, ambazo mfumo wenyewe ulishakalia sehemu kubwa. Kila aliyewahi kumiliki Ideos anaikumbuka ile ilani ya kwamba nafasi inakwisha. Unaweka WhatsApp, unaweka Facebook, unaweka mchezo mmoja, ilani hiyo.

Hapo ndipo nilipoingilia mimi. Ilikuwa Desemba 2013, nimefunga shule baada ya kidato cha tatu. Shule yangu ilikuwa ya bweni na simu zilikuwa marufuku, kwa hiyo utundu wote ulingoja likizo. Kompyuta sikuwa nayo. Nilikwenda saiba, shilingi moja kwa dakika, nikasoma maelezo ya watundu wa nchi za mbali huku jicho moja likiwa kwenye saa. Nikaazima Ideos ya mama kwa ahadi kwamba nitairudisha ikiwa nyepesi kama upepo.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tukizichokonoa simu hizi, na ni lipi lililosaidia kweli. Nimeyarudia yote wikendi hizi.

La kwanza ni programu za kuua kazi. Kila mtu alikuwa nayo moja. Unabonyeza, inakuambia imeua programu kumi na mbili, unajisikia umefanya jambo. Kwa kweli ilikuwa hasara. Android huziacha programu kwenye kaunta kwa makusudi ili ukizihitaji tena zisitoke stoo. Ukiziua, nyingi hurudi zenyewe baada ya muda mfupi, na kila moja inaporudi inamchosha muuzaji na kula betri. Ni sawa na kuiondoa sukari kaunta kila dakika ilhali kila mteja wa pili anaulizia sukari. Nilipopima, kufungua tena orodha ya majina baada ya kuua kila kitu kulichelewa kuliko nilipoiacha simu kama ilivyo.

La pili lilihitaji ruti, yaani mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo. Simu ikitoka dukani wewe ni mpangaji. Ukipata ruti unakuwa mwenye nyumba, unaweza kuvunja kuta. Na ukuta ukikuangukia usimlaumu mtu. Ukiwa na ruti ungeweza kubadilisha viwango vya yule mlinzi wa kumbukumbu ambaye huzifunga programu RAM inapokaribia kuisha. Viwango vilikuwa sita, kila kimoja kikihesabiwa kwa kurasa za KB 4, na kila kimoja kwa daraja lake la programu, kuanzia ile unayoitumia hadi zile tupu zisizo na kazi. Ukivipandisha kwa programu tupu, kaunta hubaki na nafasi zaidi na mchezo mzito hufunguka. Ukizidisha, hata ukurasa wa nyumbani unafungwa, na ukitoka kwenye mchezo unangoja alama zote zichorwe upya. Hili lilisaidia, ila kwa kipimo, kama chumvi.

La tatu ni kumkimbiza muuzaji. Ukiweka kerneli iliyotengenezwa na wapenzi wa simu hiyo, ungeweza kuipandisha prosesa ya Ideos kutoka 528 MHz hadi zaidi ya 600. Vijana tuliringa sana kwa hili. Tulikuwa na programu ya kupima iitwayo Quadrant iliyotoa alama, na tulishindana kwa alama hizo kama matokeo ya mtihani wa taifa. Baadaye ilijulikana kwamba alama zake ziliweza kupandishwa kwa hila ya kuiambia simu isome na kuandika kwenye RAM mahali pa hifadhi halisi. Simu ilipata alama kubwa na mwenye nayo hakuona tofauti yoyote. Nilipojaribu tena wiki iliyopita, hesabu tupu zilikwenda haraka zaidi kweli. Meseji mpya bado ilifunguka kwa sekunde sita. Muuzaji alikimbia, stoo ikabaki palepale. Na simu ilipata joto na kujizima mara mbili.

La nne ndilo lililokuwa dawa, na ndilo lililoniponza. Android 2.2 ilikuja na uwezo wa kuhamishia programu kwenye kadi ya kumbukumbu, lakini ilihama sehemu tu. Msimbo uliotayarishwa kwa ajili ya Dalvik na data ya programu vilibaki ndani, kwa hiyo stoo ilijaa tena polepole. Kulikuwa na programu iitwayo Link2SD. Unaigawa kadi yako sehemu mbili, moja ya picha na nyimbo kama kawaida, nyingine ya mfumo wa faili wa Linux. Kisha Link2SD inahamishia hata ule msimbo kwenye sehemu ya pili na kuacha kiungo tu ndani ya simu. Simu inadhani kitu kiko ndani, kumbe kiko kwenye kadi. Ni sawa na mama kukodi stoo ya pili ng'ambo ya barabara. Ilani ya nafasi ikakoma, na simu iliyokuwa ikijikongoja kwa kujaa ikapumua.

Lakini ili kuigawa kadi ilinibidi niifute yote. Menyu ya kufanyia hivyo ilikuwa kwenye ClockworkMod, ile sehemu ya ukarabati unayoingia kabla Android haijawaka. Ilikuwa na mistari michache ya maandishi, chagua ukubwa, thibitisha. Nikathibitisha. Niliamini picha ziko ndani ya simu. Hazikuwako. Kwenye Ideos kamera iliziweka picha kwenye kadi, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi.

Kwenye kadi ile mlikuwa na picha za harusi ya dada yangu ya mwaka 2012. Mpiga picha tuliyemlipa arubuni alitoweka na arubuni yake, kwa hiyo mama alizipiga mwenyewe kwa Ideos, zaidi ya mia. Ndani yake mlikuwa na bibi yangu, amevaa leso mpya, amekaa kitako na wanawake wenzake, anacheka. Bibi alifariki Machi 2013. Mama hakuwa na picha yake nyingine ya miaka ile.

Nilirudi saiba mbio. Nikapata PhotoRec, programu ya bure inayotafuta mabaki ya faili kwenye kadi iliyofutwa. Ingesaidia kama ningesimama palepale. Mimi nilikuwa nimeshahamishia programu zote kwenye ile kadi, juu ya zile picha, kwa furaha ya kuona ilani imekoma. Zilirudi nne, zote zimekatika nusu, na bibi hakuwemo hata moja.

Nikampelekea mama simu. Nikamwambia. Akaishika, akaiwasha, akapitisha kidole. "Basi, imekuwa nyepesi?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Hakusema lingine, siku ile wala baadaye. Mimi, kwa akili za miaka kumi na sita, nilidhani kunyamaza kule kulimaanisha yamekwisha.

Unaona sasa kwa nini lile daftari la kaunta lilininyima usingizi. Ni mama yuleyule na kimya kilekile. Mara zote mbili nilimletea kitu nilichokipima kwa kipimo changu. Mwaka 2013 kipimo kilikuwa alama za Quadrant na nafasi ya bure. Safari hii kilikuwa mwendo wa madoido kwenye simu ya GB 8. Hakuna mara niliyouliza yeye anaitumia simu kwa jambo gani.

Nilijaribu pia kuona kama simu hizi zinaweza kuishi leo. Kwa umbo ni nzima kabisa, zinapiga na kupokea. Kilichoziua ni ulimwengu uliohama. WhatsApp iliiacha Android 2.2 mwishoni mwa 2016, ikaziacha simu za Symbian kama E63 Juni 30, 2017, na Android 2.3 Februari 1, 2020. Google nao walifunga mlango wa kuingia kwenye akaunti kwa Android 2.3.7 kurudi nyuma kuanzia Septemba 27, 2021. Na hata kivinjari hakisaidii. Niliiunganisha Ideos na Wi-Fi, ikaniambia cheti cha usalama hakiaminiki. Nikarekebisha tarehe, maana ilidhani tuko miaka mingi nyuma, bado ikagoma. Android za chini ya 4.1 hazijui kuzungumza TLS 1.2, na tovuti nyingi leo hazikubali lugha ya chini ya hiyo. Unaweza kuipandisha prosesa mpaka iungue, mlango hautafunguka.

Ila kuna kitu kimoja kilichofanya kazi kwenye zote tatu bila wasiwasi. Niliichomeka laini yangu, nikaifungua menyu ya M-Pesa, nikamtumia mama mia mbili ya soda kutoka kwenye E63. Huduma ile ilianza Machi 2007, menyu yake inakaa ndani ya laini yenyewe, maandishi matupu, na inafunguka hata kwenye katululu. Hakuna aliyeishangilia kwa uzuri wa sura. Nilikaa nikaitazama menyu ile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Niliporudi Nairobi niliwaendea wenzangu na pendekezo. Mmoja akasema simu za GB 1 zinapotea, tusipoteze muda. Sikubishana naye. Nilikuwa nimembadilishia mama simu, nikaja na ile yake, nikaiweka mezani nikasema, "Agiza unga." Tukahesabu pamoja. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye, na wa kwanza kufungua msimbo alikuwa yeye pia.

Tuliyoyafanya si ya ajabu. Picha za bidhaa zilikuwa zinashushwa zikiwa na ukubwa wa kamera, kisha simu inazibana yenyewe ili zitoshe kwenye kisanduku kidogo kama kibiriti. Sasa seva inazituma zikiwa ndogo tayari. Orodha ya bidhaa ilikuwa ikipakiwa yote kwa pamoja. Sasa inakuja ishirini ishirini, kadiri unavyoshuka. Tulikuta maktaba ya ramani ambayo hakuna skrini inayoitumia, tukaitoa. Agizo sasa linahifadhiwa kwanza ndani ya simu na kutumwa mtandao ukipatikana, badala ya kumngojesha mtu akitazama kiduara kinachozunguka. Programu ilikuwa MB 62, sasa ni MB 14. Kwenye simu ile ya mama inafunguka kwa sekunde tatu. Na tumewekeana sharti ofisini: hakuna kinachotoka mpaka kipite kwenye simu ile.

Limebaki moja. Katika wikendi ya tatu, nilipokuwa nikiisafisha E63 niirudishe mkebeni, nilikumbuka kwamba Symbian ya Nokia haikuweka faili za bluetooth kwenye picha. Iliziweka kwenye kikasha cha meseji, pamoja na SMS. Mjomba hakuwa mtu wa kufuta meseji. Nikaingia, nikashuka, nikapita meseji za mizani ya Mariakani na za mafuta na za karani wa ghala, mamia. Huko chini kabisa mlikuwa na picha mbili alizotumiwa kutoka simu iitwayo Ideos. Moja ni keki. Nyingine ni bibi, na leso yake mpya, kichwa amekigeuza kidogo kwa sababu mtu fulani anamwita.

Nilizinakili mahali patatu kabla sijagusa kitu kingine. Kisha nikampigia mama. Alinyamaza muda mrefu kidogo, halafu akasema, "Nichapishie kubwa, ya kutundika dukani." Kisha akaongeza, "Na ile programu yako, mwanangu, pale pa sukari pamekosewa bei."

Sijawahi kupokea ripoti ya hitilafu iliyonifurahisha kama ile. Nimeirekebisha jana.

Haya, tuonane safari ijayo. Na kabla hujaigawa kadi ya mtu yeyote, inakili kwanza.